Saumu, Kisukari na Ushahidi wa Sensa

Kifaa cha kupima sukari mfululizo, ambacho wanaokitumia hukiita sensa tu, ni kidude cha plastiki cha ukubwa wa sarafu kinachobandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, au tumboni. Chini yake hutoka uzi mwembamba wa takriban milimita 5 unaopenya ngozi na kukaa humo kwa siku 10 hadi 15, kutegemea aina. Uzi huo umepakwa kimeng'enya kinachoitikia sukari iliyo katika majimaji ya kati ya seli, na kila dakika 1 hadi 5 kifaa hutuma tarakimu kwenye simu. Simu huchora mstari unaopanda na kushuka, huonyesha mshale wa mwelekeo, na hulia sukari inapovuka mpaka uliowekwa.

Kwa mgonjwa Mwislamu kifaa hiki kimezua maswali ambayo tiba peke yake haiyamalizi. Moja ni jepesi: je, uzi ulio chini ya ngozi unabatilisha saumu? Mengine ni mazito zaidi. Mtu anapoijua hali ya sukari yake dakika hadi dakika, je, maradhi yake yanabaki kuwa udhuru ule ule unaotambuliwa na sheria? Tarakimu ya simu ina uzito gani mbele ya dini? Inaweza kumlazimisha mtu kufungua mchana? Inaweza kumwondolea ruhusa ya kula? Chini ya maswali hayo limelala suala la kale la falsafa ya dini, nalo ni kama kuongezeka kwa elimu ya mja kunaongeza wajibu wake.

Msingi wa jambo lote uko katika Sura ya Pili ya Qurani, aya ya 183 hadi 185. Hapo saumu inafaradhishwa, na papo hapo mgonjwa na msafiri wanatolewa, wakitakiwa kulipa siku nyingine. Inatajwa pia fidia ya kumlisha maskini, na sababu ya nafuu zote hizo inawekwa wazi, kwamba sheria haikukusudia kuwatesa watu. Aya hazikutaja ni ugonjwa gani wala ukali wa kiasi gani. Mpaka huo uliwekwa na wanachuoni. Mafua ya kawaida hayamtoi mtu kwenye saumu. Ugonjwa unaohofiwa kuzidi, kuchelewesha kupona au kuharibu kiungo humtoa. Na kuchelea huko hakutoshi kukiwa ni wasiwasi mtupu. Vitabu vya fikihi hutaka kutokane na dalili iliyo wazi, au tajriba ya mgonjwa mwenyewe, au kauli ya tabibu mjuzi na mwaminifu. Njia hizi tatu ndizo zitakazoamua, mbele kidogo, sensa inaingia wapi.

Kisukari kina nafasi ya pekee miongoni mwa maradhi. Kabla ya insulini kupatikana Toronto mwaka 1921, na kudungwa kwa mara ya kwanza kijana wa miaka 14 Januari 1922, mgonjwa wa aina ya kwanza hakuishi muda mrefu kiasi cha kujiuliza juu ya Ramadhani nyingi. Insulini, na baadaye vidonge, ndivyo vilivyomfanya awe mtu mwenye miaka mingi mbele yake, anayefanya kazi, anayelea watoto, na anayetamani kufunga pamoja na jamaa zake. Swali la saumu ya mwenye kisukari, kwa sura yake ya leo, ni zao la dawa zilizofaulu.

Ubaya ni kwamba dawa hizo hizo ndizo zinazoifanya saumu kuwa ya hatari. Mtu mzima wa afya anapofunga, kongosho lake hupunguza insulini na ini hutoa akiba yake ya sukari pole pole. Mizani hujirekebisha yenyewe. Aliyekunywa glibenklamidi wakati wa daku ana dawa inayolisukuma kongosho litoe insulini mchana kutwa, chakula kiwepo kisiwepo. Aliyejidunga insulini nyingi ana hali hiyo hiyo. Na aliyeipunguza mno kwa kuogopa kushuka anaweza kupanda hadi damu yake ikajaa asidi, huku akikosa maji kwa saa 13 na zaidi. Utafiti unaojulikana kama EPIDIAR, uliochapishwa mwaka 2004 baada ya kuwahoji wagonjwa 12,243 katika nchi 13, ulionyesha kwamba karibu asilimia 43 ya wenye aina ya kwanza na asilimia 79 ya wenye aina ya pili walifunga angalau siku 15 za Ramadhani. Ulionyesha pia kwamba matukio ya sukari kushuka vibaya yaliongezeka mara 4.7 kwa aina ya kwanza na mara 7.5 kwa aina ya pili. Takwimu hizo zina maana moja kubwa: wagonjwa wanafunga, waruhusiwe wasiruhusiwe. Mjadala wa sensa unawahusu watu ambao tayari wameshatia nia.

Swali jepesi limalizwe kwanza. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki, kinachobatilisha saumu ni kitu chenye umbo kuingia katika uwazi wa ndani ya mwili, kama tumbo au koo. Nyama ya mkono si uwazi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliijadili mifano ya jeraha na chuma kwa undani ambao mtu wa leo angeushangaa: anayechoma kisu katika nyama ya mguu wake hakufungua kwa kitendo hicho, tofauti na anayekipitisha kisu hadi ndani ya tumbo. Uzi wa milimita 5 unaokomea kwenye tabaka la chini ya ngozi uko upande wa mguu. Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu lenye makao Jeddah lilipitisha mwaka 1997 azimio kuhusu mambo ya kitabibu na saumu, na katika orodha ya yasiyofunguza likaweka sindano za tiba zisizo za lishe, utoaji wa damu kwa ajili ya vipimo, na dawa zinazobandikwa juu ya ngozi. Sensa haipeleki chakula wala dawa mwilini, inasoma tu. Kuibandika mchana wa Ramadhani hakubatilishi saumu, na kutoboa kidole kupima damu hakubatilishi pia. Jambo hili linapaswa kusemwa kwa sauti misikitini, maana wapo wanaoacha kupima mwezi mzima wakiamini kwamba tone la damu linawaharibia funga.

Linabaki suala dogo la tohara. Nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, hapamo katika sehemu zilizo faradhi kuoshwa wakati wa udhu, hivyo aliyevaa sensa hapo anatawadha kama kawaida. Katika josho la janaba, gundi ya kifaa huzuia maji kufika kwenye ngozi, na hapo wanachuoni hurejea kwenye hukumu za bandeji juu ya jeraha, ambazo kila dhehebu limezifafanua. Mgonjwa amuulize shekhe wake mara moja, ajue, basi.

Swali zito linaanza pale kifaa kinapozungumza. Fikihi imezoea kutofautisha yakini na dhana. Kati ya hizo mbili iko dhana yenye nguvu, ambayo si yakini lakini inatosha kujengewa hukumu. Mahakama, kibla na nyakati za sala vingi vyake vinasimama juu yake. Sensa inakaa hapo hapo. Haipimi damu yenyewe bali majimaji yaliyo jirani, na kwa hiyo hubaki nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 15 wakati sukari inapobadilika haraka. Usomaji wake kwa wastani hutofautiana na ule wa maabara kwa asilimia 9 au 10 hivi, na siku ya kwanza baada ya kubandikwa unaweza kuyumba zaidi. Mtu akiulalia mkono wenye kifaa, mgandamizo unaweza kuifanya simu ilie kwamba sukari imeshuka ilhali haijashuka. Vitamini C kwa wingi inaweza kupandisha usomaji wa baadhi ya aina. Hizi si kasoro za kuifanya itupwe. Ni sababu ya kuijua daraja yake: ushahidi wenye nguvu unaokubali kuhakikiwa, na uhakiki wenyewe ni tone la damu ya kidole, ambalo huchukua chini ya dakika.

Zikilinganishwa njia tatu za fikihi, sensa inagusa zote. Ni dalili, kwa kuwa inaonyesha jambo linalotokea sasa. Ni tajriba, kwa kuwa inahifadhi mstari wa siku nyingi, na mgonjwa akiutazama anaona kwamba kila alipofunga siku ya kazi ngumu sukari ilianguka saa tisa alasiri. Na tabibu anaposema, siku hizi husema akiwa ameutazama mstari huo. Zamani mgonjwa alimweleza daktari anachokikumbuka, na kumbukumbu ya mtu mwenye hamu ya kufunga huwa nyepesi kusahau siku aliyotetemeka. Hapa kifaa kimefanya kazi kubwa ya kidini kuliko inavyodhaniwa. Kimeutoa udhuru katika hisia na kuuweka mahali ambapo watu wawili wanaweza kuutazama pamoja.

Wapo wagonjwa ambao mwili wao umeacha kuwapa onyo. Baada ya miaka mingi ya kisukari na kushuka mara kwa mara, kutetemeka, jasho na mapigo ya moyo ya haraka hupotea, na mtu hujikuta amezirai bila kuhisi lolote kabla. Kwa mtu huyo kanuni ya kungoja dalili haina maana, kwa sababu dalili hazipo. Miongozo ya tiba inamhesabu katika hatari kubwa na kumshauri asifunge. Akiamua kufunga pamoja na hayo, mlio wa simu ndio onyo pekee alilo nalo, na kuupuuza ni sawa na kupuuza mwili wake mwenyewe.

Je, tarakimu inaweza kulazimisha kufungua? Miongozo ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari na muungano wa wataalamu wa kisukari na Ramadhani, iliyotolewa mwaka 2016 na kuhuishwa mwaka 2021, imeweka mipaka: mfungaji afungue mara moja sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, au juu ya 16.6 mmol/L, au akipata dalili za kushuka, za kupanda, za kuishiwa maji au za ugonjwa wa ghafla. Mipaka hiyo imewekwa na matabibu. Inageuka hukumu ya dini kwa njia ya kanuni iliyo wazi, kwamba kujiangamiza ni haramu na kwamba ibada haihalalishi madhara. Baraza la Fikihi, katika kikao chake cha Sharjah mwaka 2009, liliwagawa wagonjwa wa kisukari katika makundi manne kulingana na hatari, na kwa makundi mawili ya juu likaamua kwamba hawaruhusiwi kufunga. Halikuishia kusema kwamba wanaweza kula wakipenda, liliwataka wale.

Mazingira halisi ni magumu kuliko kanuni. Chukua mwanamke wa Mombasa mwenye kisukari aina ya pili, anayetumia glibenklamidi, aliyesimama jikoni saa kumi na moja na robo jioni akikaanga sambusa. Simu inaonyesha 5.4 mmol/L na mshale ulionyooka chini. Maghrib ni karibu saa kumi na mbili na nusu. Tarakimu peke yake haijafika mpaka. Lakini mshale wa aina hiyo, katika kifaa kimoja kinachotumika sana, una maana kwamba sukari inashuka kwa zaidi ya 0.1 mmol/L kila dakika. Kwa mwendo huo atafika 3.9 ndani ya robo saa, na kwa kuwa sensa iko nyuma ya damu, huenda ameshakaribia zaidi ya inavyoonyesha. Bado zaidi ya saa nzima. Fikihi haimtaki asubiri adhurike ndipo ale. Kinachoipa nguvu ruhusa ni kuchelea madhara kwa dhana yenye nguvu, na mshale ni dhana yenye nguvu iliyochorwa. Ahakikishe kwa kidole ikiwa kipimo kiko karibu. Kama hakipo, ale tende au anywe maji ya sukari. Hana dhambi, hana kafara, na siku hiyo ataihesabu katika zile za kulipa.

Kinachomzuia mara nyingi si kutojua. Ni hisia kwamba saa moja iliyobaki ndiyo jaribio lenyewe la imani, na kwamba anayevumilia atakuwa amemtegemea Mungu. Hoja hii ilishajibiwa na Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake maarufu cha kuhuisha elimu za dini. Anapoeleza tawakali, anazigawa sababu zinazoondoa madhara katika zilizo hakika, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa; zenye dhana, kama dawa nyingi za matabibu; na za kubuni. Kuziacha zile za hakika, anasema, hakumo katika tawakali hata kidogo, na ni haramu panapohofiwa mauti. Sukari mdomoni mwa mtu ambaye sukari ya damu yake inaporomoka imo katika fungu la kwanza bila shaka yoyote: hufanya kazi kwa dakika, kwa kila mtu, kila mara. Anayeikataa ili akamilishe siku hajapanda daraja ya imani. Ameacha alichoamrishwa kwa ajili ya alichosamehewa.

Upande wa pili wa swali haujazungumzwa vya kutosha, nao una ugumu zaidi. Ikiwa sensa inaweza kumwonyesha mtu hatari, basi inaweza pia kumwonyesha usalama. Mgonjwa aliyekuwa na ruhusa ya kula kwa sababu ya hatari isiyoonekana, leo anaiona, anaidhibiti, anafunga siku tano bila kushuka hata mara moja. Je, ruhusa yake imekwisha? Na yule asiye na sensa, je, anatakiwa ainunue ili aweze kufunga?

Usuli wa fikihi una tofauti inayofaa sana hapa. Kuna kitu ambacho wajibu uliokwisha kuthibiti hautimii bila hicho, na hicho chenyewe huwa wajibu. Sala imeshamlazimu mtu, kwa hiyo udhu unamlazimu. Na kuna kitu ambacho wajibu wenyewe hauzaliwi mpaka kiwepo, na hicho hakuna anayelazimishwa kukitafuta. Maskini halazimiki kutafuta mali ifike nisabu ili atoe zaka, wala kuhangaikia nauli ili Hija imuwajibikie. Uwezo wa kufunga bila madhara ni wa namna hii ya pili. Mgonjwa wa hatari kubwa hajawajibikiwa na saumu ya siku zile, kwa hiyo hana deni la kununua kifaa kitakachomfanya awajibikiwe. Hitimisho hili ni la maana kwa mwambao, ambako sensa bado ni ghali kwa familia nyingi na bima nyingi hazilipi. Asiyeweza kuinunua hana upungufu wowote wa dini.

Kwa aliye nayo, jibu linategemea kundi lake, na hapa tarakimu inapaswa kutazamwa kwa tahadhari. Mgonjwa wa hatari ndogo, kwa mfano anayetumia metformini pekee na sukari yake imetulia, alikuwa na wajibu tangu mwanzo. Sensa inamtuliza moyo tu. Wa hatari ya kati ana mengi ya kupata, kwa sababu kwake shaka ilikuwa ya kweli, na mstari wa siku kadhaa unaweza kuiondoa kwa upande mmoja au mwingine. Njia ya busara, chini ya uangalizi wa daktari, ni kujaribu siku moja moja mwezi wa Shaabani, dawa zikiwa zimeshapangwa upya. Hiyo ndiyo tajriba waliyoitaja wanachuoni, ila sasa ina kumbukumbu. Ama aliye katika hatari kubwa, siku tano salama hazimtoi katika kundi lake. Mwenye figo zilizoharibika, mjamzito anayejidunga insulini, aliyelazwa kwa asidi ya damu miezi miwili iliyopita: hatari yao haiko katika sukari ya saa ile peke yake. Sensa haipimi maji yaliyopungua, haipimi figo, haipimi mtoto tumboni. Kuigeuza kuwa cheti cha kufunga ni kuitaka itoe ushahidi juu ya mambo isiyoyaona.

Jiografia nayo ina neno lake. Mswahili anayeishi London ambaye Ramadhani imemwangukia katika siku ndefu za kiangazi anaweza kulipa mwezi wa Desemba, ambapo tangu alfajiri hadi jua kuchwa hakuzidi sana saa 10. Mkazi wa Lamu, Tanga au Unguja hana siku fupi ya kuikimbilia. Karibu na ikweta mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Ikiwa mstari wa sensa unaonyesha kwamba mwili wake haukubali saa 13 mwezi wa Ramadhani, hautazikubali mwezi wa Rajabu pia, labda dawa zibadilishwe. Katika hali hiyo kumwambia atalipa baadaye ni kumrundikia deni lisilolipika, na daktari na shekhe wanapaswa kumweleza mapema kwamba lake ni fidia.

Kuna jambo jingine ambalo sensa imeligusa bila kukusudia. Saumu ni ibada ya siri. Hakuna aonaye kama mtu amekula akiwa peke yake chumbani. Sasa programu za simu zinaweza kuipeleka tarakimu ya mgonjwa kwa jamaa zake popote walipo. Binti aliye Muscat anaona sukari ya mama yake aliye Malindi, na mstari ukipanda ghafla saa nane mchana anajua kwamba mama amefungua. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa mtu wa pili anaweza kupiga simu wakati mgonjwa amelala au akili imemchanganyika kwa kushuka kwa sukari. Lakini wapo watakaoona haya kufungua kwa kuwa wanatazamwa, na wapo watakaofungua kwa kuepuka ugomvi. Uamuzi wa kufungua ni wa mwenye mwili, akiongozwa na elimu aliyopewa. Jamaa wana haki ya kuonya na, mgonjwa akipoteza fahamu au akianza kuchanganyikiwa, wana wajibu wa kumwokoa. Hawana haki ya kumhesabia siku alizokula. Ni vizuri makubaliano haya yafanywe kabla ya mwezi kuandama, na idhini ya kuona tarakimu iwe ya mgonjwa kutoa na kuondoa.

Usiku nao una habari yake. Vipimo vya mfululizo vilivyofanywa kwa wafungaji, vikiwemo vya Abu Dhabi, vimeonyesha sukari ikiruka kwa kasi baada ya futari. Hilo halimshangazi anayezijua futari za pwani: uji wa sukari, tende, mihogo ya nazi, viazi vitamu, mkate wa kumimina, na kaimati zilizochovywa katika shira, vyote mbele ya mtu aliyeshinda na njaa. Mchana mstari ulikwenda tambarare. Ndani ya saa mbili baada ya adhana unasimama kama ukuta, na mara nyingi haurudi chini mpaka usiku wa manane. Ghazali alilalamikia jambo hili karne tisa zilizopita bila kipimo chochote. Kwake, anayefidia usiku kila alichokiacha mchana ameipoteza maana ya saumu, kwa kuwa njaa ilikusudiwa kuipunguza nguvu ya matamanio. Mara chache tiba na adabu ya ndani ya ibada hukutana kwa uwazi namna hii. Mgonjwa anayeanza kwa tende moja na maji, akasali, kisha akala mbaazi, samaki na mboga kabla ya wanga, anaiona tofauti kwenye simu usiku ule ule.

Kwa hiyo elimu inapoongezeka, wajibu unaongezeka, lakini haujipimi kwa kipimo kimoja kwenda pande zote mbili. Upande wa kulinda uhai unaongezeka papo hapo: aliyeonyeshwa hatari hana tena udhuru wa kutojua. Upande wa kubebesha ibada hauongezeki mpaka usalama uthibiti kwa ujumla wake, kwa ushahidi wa sensa, wa maabara na wa daktari. Tofauti hii haikutungwa kwa ajili ya vifaa vya kisasa. Inafuata mwenendo wa sheria yenyewe, ambayo katika kumwepusha mtu na maangamizi hutosheka na dhana yenye nguvu, na katika kumwondolea nafuu aliyokwisha kupewa hutaka zaidi ya hapo.

Maandalizi yote haya huanza kliniki. Miongozo inashauri mgonjwa amwone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhani, ili kundi lake la hatari lijulikane, dawa zipangwe upya, na yeye na nyumba yake wafundishwe lini wafungue. Mwenye sensa aende nayo pamoja na mstari wa wiki mbili. Asiye nayo aende na kipimo cha kidole na daftari, apime kabla ya daku, asubuhi, adhuhuri, alasiri, kabla ya futari, saa mbili baada yake, na wakati wowote anapojihisi vibaya. Ruhusa ni ile ile kwa wote wawili. Na aliyeambiwa kwamba saumu haimfai maisha yake yote atoe kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku, 29 au 30 kwa mwezi mzima, na hapo hadaiwi tena.